Mwaka Nilioanika Uyoga wa Makumbusho

Jina la Mama Nyemo nililisoma kwa mara ya kwanza kwenye msalaba wa kaburi lake. Liliandikwa kwa rangi nyeupe, na fundi alikuwa amekosea kupima nafasi, hadi herufi mbili za mwisho zikabanwa pembeni kama abiria waliochelewa: Damari. Nilikula ugali wake mwaka mzima, nikamwandikia barua za Krismasi kwa miaka mingi, zote zikianza na "Mpendwa Mama Nyemo", na haikuwahi kunipitia akilini kwamba kabla Nyemo hajazaliwa mtu huyu alikuwa na jina. Mimi ndiye ninayealikwa kwenye semina kuzungumzia kumbukumbu za jamii. Nilisimama pale kaburini na kanga yangu mpya kiunoni, nikaona aibu, kisha nikaanza kufikiria uyoga.

Habari za wazazi wangu nitaziruka. Walikuwa wakulima wa Ihanja, walinisomesha, na hawana kosa lolote katika haya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na jeshi la kujenga taifa, na siku hizo mtu hakuingia chuo kikuu moja kwa moja. Sharti kwanza afanye kazi, kisha apate barua mbili, moja ya mwajiri na moja ya tawi la chama, za kuthibitisha kwamba elimu haijamharibu. Wilaya ikanipangia kazi ya msaidizi wa makumbusho, kwenye kilima kimoja upande wa Manyoni, mwendo wa kutwa kwa miguu kutoka Kilimatinde. Kilima chenyewe sitakitaja, kwa sababu wajukuu wa waliohusika bado wapo na baadhi yao wanasoma magazeti. Nilijiona nimevaa koti jeupe. Nilikuta nyumba ya mawe yenye paa la bati, iliyojengwa na mwalimu mmoja wa Kizungu ambaye watu walimwita Bwana Uyoga, na ambaye aliondoka muda mfupi baada ya uhuru akaiacha kwa halmashauri pamoja na vyote vilivyokuwemo. Sebuleni kulikuwa na mikuki, ngoma iliyopasuka, na korongo aliyejazwa pamba, jicho lake moja likiwa kifungo cha shati. Chumba cha ndani kilikuwa na kabati na maboksi, mengine ya viatu, mengine ya majani ya chai, yaliyotoka kwenye duka la Mhindi kule Manyoni. Ndani ya maboksi kulikuwa na bahasha zilizokunjwa kwa magazeti ya zamani, na ndani ya kila bahasha uyoga mkavu; namba na maelezo mafupi vilikuwa kwenye kibandiko cha bahasha, kwa mwandiko wa kulala. Uyoga mwembamba kama sikio, uyoga mnene kama kisigino, na kuvu ngumu za kwenye magogo. Juu ya kabati kulikuwa na kopo lenye picha ya fuvu.

Mtunzaji alikuwa Mzee Lameki, aliyeanza kazi kwa Bwana Uyoga akiwa kijana na ambaye, kwa maneno yake, hakuwahi kuambiwa aache. Kila nilipogusa bahasha alinimiminia maji na kunipa sabuni. "Bwana aliupaka dawa," alisema. "Wadudu wakila wanakufa. Mtu naye akila, atajua mwenyewe." Nilimuuliza faida ya kutunza mboga isiyolika. Alinitazama kwa macho yake yaliyokuwa yameanza kuingia ukungu. "Mwaka wa njaa watu walilala chumba cha pili," akasema, "wakajua kilichomo humu, wasiguse. Sasa wewe uliyeshiba ndiye unauliza faida." Sikuelewa. Nilidhani ameniambia jambo la hekima, nikaliandika kwenye daftari langu, na nikilisoma leo naona kwamba alikuwa amekasirika tu.

Chakula nilikula kwa Mama Nyemo. Yeye na majirani zake walikuwa wamehamishwa kutoka makwao porini katika ile operesheni ya vijiji, wakapewa viwanja kwenye mistari iliyonyooka chini ya nyumba ya makumbusho, na mstari wa kwanza ulikuwa umbali wa kutema mate kutoka dirisha langu. Jiko lake lilikuwa la miti, halijakandikwa upande mmoja, hivyo nilikula nikiwaona wapita njia na wao wakiiona sahani yangu. Ugali wa uwele, mlenda, siku nyingine maziwa ya mgando. Mimi Mnyaturu nilisikia Kigogo chao nusu nusu, lakini walipotaka nisikie walihamia Kiswahili.

"Wametupanga kama meno," alisema jirani yake, Mama Yona.

"Meno ya nani?" Mama Nyemo akajibu, akisonga. "Mimi nina mapengo."

"Ndiyo ujaze. Hujamsikia mwenyekiti?"

"Na huyu binti msomi naye amepangwa, au amejipanga?"

"Huyu amehifadhiwa. Ana namba kama uyoga."

Wakacheka, nami nikacheka nao, nikiwa sina hakika nimetukanwa au nimekaribishwa. Hiyo ndiyo hali niliyoishi nayo mwaka ule wote.

Mvua zilipoanza kushika, ililetwa barua kutoka Dar es Salaam. Gari la makumbusho ya huko lingekuja mwisho wa wiki kuchukua mkusanyo wa uyoga, kwa masharti mawili: kila namba iliyomo kwenye daftari la mkusanyo iwepo, na sampuli zisiwe na wadudu. Zikikosa, hazitapokelewa. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Malogo, aliisoma barua mara mbili kwa furaha iliyonitia wasiwasi. Alikitaka chumba kile kiwe duka la ushirika. Mizani alikwisha kuileta, ilikuwa mezani karibu na korongo. "Gari likichukua, vema," alisema. "Lisipochukua, tunachoma siku hiyohiyo, Ndugu Salome. Wananchi hawana chumvi, sisi tumeyafungia mauyoga kabatini." Na ndiye angeandika barua yangu ya tawi. Mzee Lameki alikuwa amekwenda Kilimatinde kutibiwa macho, na kabla hajaondoka alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nimeutunza tangu Bwana aondoke," alisema. "Usiniharibie mwishoni."

Siku iliyofuata nilifungua boksi moja nikakuta unga mweusi. Fukusi. Nikafungua la pili, hali ileile. Hapo msomi akafikiri. Nyumbani kwetu nafaka ikiingia wadudu inaanikwa juani. Na chini ya dirisha langu, kwenye vichanja vya wanawake wa mstari wa kwanza, vilivyokaribiana kwa sababu viwanja vilikaribiana, uyoga wa msimu ulikuwa umeanikwa tele, kwa sababu mvua zilikuwa zimeufumua vichuguuni. Nusu ya vichanja ilikuwa wazi. Niliomba nafasi, nikapewa. Nilitoa kila sampuli, nikaiweka juu ya bahasha yake, nikaweka na kijiwe upepo usiichukue. Nilipanga vizuri sana. Naomba hilo likumbukwe. Kisha nikaingia ndani kuandika ripoti ya maendeleo ya uanikaji.

Sasa kuna desturi ambayo mimi niliijua tangu utotoni na bado sikuifikiria. Mvua ikija ghafla, kinachoanikwa hakina mwenyewe. Aliye karibu anaanua vyote, vyake na vya jirani, anavitia kwenye ungo wowote ulio karibu, na kugawana kunafanyika baadaye, ndani, pakavu. Kuanua chako ukaacha cha mwenzako kinyeshewe ni jambo ambalo mtu angesemwa nalo hadi msibani. Nilisikia upepo wa kutangulia mvua ukigonga bati, nikasikia wanawake wakiitana, na nilipotoka nje vichanja vilikuwa vitupu. Bahasha za Bwana Uyoga zilikuwa zimenasa kwenye ua wa minyaa kama nguo za watoto. Wanawake walisimama chini ya upenu wangu, wamelowa, wanahema, na nyungo tano zimejaa.

"Tumekuokolea mboga yako, msomi," alisema Mama Yona. "Hata moja haikulowa."

Niliwashukuru. Ni kweli, niliwashukuru, nikaenda kuokota bahasha kwenye minyaa huku mvua ikinipiga mgongoni, na nikiwa huko nilihesabu hatari zangu kwa mpangilio ambao bado unanitia haya: kwanza namba za daftari, pili barua ya tawi, tatu Mzee Lameki. Lile kopo lenye fuvu lilinijia la nne. Niliporudi, Mama Nyemo alikuwa amekwisha kuchukua ungo mmoja kwenda jikoni. Chungu kilikuwa kinachemka. Nilimkuta ameshika konzi ya uyoga juu ya chungu, na Nyemo, mtoto wa miaka minane hivi, anachochea moto.

"Mama, usitie."

"Kwa nini?"

Kulikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema haujakauka. "Una sumu," nikasema. "Ule wa makumbusho una sumu, na sasa sijui upi ni upi."

Alifungua mkono uyoga ukarudi kwenye ungo. Akamshika Nyemo mikono, akaigeuza akaitazama viganja, akamwagia maji. Kisha akatoka kuwaambia wenzake, kwa Kigogo, na kwa mara ya kwanza nilielewa kila kitu.

Ndugu Malogo alifika kabla mvua haijakatika. Neno lililokuwa midomoni mwa viongozi siku zile lilikuwa hujuma, naye alilitumia mara nne akiwa bado mlangoni. Aliamuru vyote vichomwe, nyungo zote tano, na kabati liondolewe. Wanawake wakazisogelea nyungo zao. Mahindi yalikuwa mabaya mwaka ule na mashamba ya zamani yalikuwa mbali. Uyoga ule ndio ungekuwa kitoweo cha miezi ya kiangazi, na kila mmoja pale alijua hilo isipokuwa, pengine, mimi.

"Choma huo wa mzungu," alisema Mama Yona. "Wetu hatukuanika kwa ajili ya moto."

"Utautofautishaje, mama?"

"Muulize mkeo. Naye aliuanua, ungo ule pale ni wake."

Mwenyekiti aliutazama ungo wa mke wake. Mama Nyemo akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kupishwa njia, "Ingizeni zote ndani. Nitachambua mimi. Ndugu Mwenyekiti, moto unaweza kusubiri hadi jioni, hauozi."

Tulikaa sakafuni chini ya korongo mchana wote, nyungo tano mbele yetu na tatu tupu pembeni. Aliunusa kila mmoja, akauvunja ukingo, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Wa zamani ulikuwa na harufu ya dawa, alisema, harufu ya chuma kilicholowa. Ungo wa kwanza ukawa wa wanawake, wa pili wa makumbusho. Wa tatu ulikuwa wa wasiwasi, na ndio uliojaa haraka.

"Huu je?" nilimuuliza kuhusu rundo lile.

"Siujui moyo wake."

"Kila wenye shaka tuutie kwa mzungu."

"Mzungu alishaondoka."

"Basi kwa serikali."

"Serikali inakula mashaka?"

"Haitaula. Itauweka kabatini."

Alicheka kidogo, cheko la kwanza tangu asubuhi. Hiyo ikawa kanuni yetu: chakula kiwe kile tu alichokuwa na hakika nacho, na vyote vilivyotiliwa shaka viingie makumbusho. Kisha tukaanza bahasha. Nilimsomea maelezo ya Bwana Uyoga, nikiyatafsiri nilivyoweza: kofia pana, kahawia, umeota kichuguuni, unanuka unga. Alinyoosha mkono bila kutazama sana, akanipa. "Huu sikio la fisi," alisema kuhusu mmoja, akaniambia na jina lake la Kigogo, ambalo sikuliandika. Mwingine: "Huu unaota baada ya ule." Nilimuuliza amejuaje. "Nawajua hawa," akasema, kama mtu anayeulizwa kuhusu watoto wa dada yake. Mwingi ulikuwa na kitundu kidogo katikati ya kofia. Nilijua wanawake hutunga uyoga kwa sindano kwenye uzi wa mkonge na kuuning'iniza jikoni, hivyo nikadhani kila wenye kitundu ni wao, na nikasema hivyo kwa kiburi kidogo. Akanitikisia kichwa. "Kitundu hakisemi kitu," alisema, akaendelea kunusa. Jioni ilipokaribia, kila bahasha ilikuwa na kitu ndani, na uyoga mwingine ulibaki bila bahasha.

Ilibaki kuthibitisha ule ungo wa kwanza. Mama Nyemo alichota humo konzi mbili, akazipika kwa karanga, mbele ya wanawake wote na Ndugu Malogo aliyekuwa ameketi kwenye kiti pekee. Akamwondoa Nyemo jikoni. Akaweka sahani moja, akaanza kula. Hakunikaribisha, alinipisha tu nafasi kwenye kigoda, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulikataa. Nilikula. Sijawahi kuonja kitu kwa makini namna ile. Kulikuwa na chumvi ya mwisho ya nyumba ile, karanga zilizoungua kidogo, na uyoga wenyewe, laini, mtamu, ambao kila tonge lake nililisikiliza likishuka. Leo najua kwamba sumu ya namna ile haina haraka, na kwamba sahani ile haikuthibitisha lolote. Tulikaa hadi jua likagusa miti. Tumbo langu likanguruma, wote wakageuka kunitazama.

"Hiyo ni hofu," alisema Mama Yona. "Naijua sauti yake."

Wakachukua uyoga wao wakaondoka. Hakuna aliyeugua, si siku ile wala baadaye. Mzee Lameki alirudi keshokutwa yake na kitambaa kwenye jicho moja. Nilimweleza yote. Alifungua maboksi, akanusa, akapima kwa vidole, akafunga. "Zote zimo," alisema.

"Zimezidi, mzee."

"Kuzidi si kosa lililoandikwa kwenye barua."

Nilimweleza kuhusu harufu ya dawa, nikitegemea anipongeze. Akasema, polepole, kwamba dawa ilimwishia Bwana kabla hajaondoka, na sampuli za mwisho hazikupakwa kitu. Nyingine za zamani nazo zilipoteza harufu. Kwa hiyo harufu haikuwa ushahidi. Ina maana huenda tulikula namba kadhaa za daftari, na huenda chakula cha Mama Nyemo kilikuwa kinasubiri gari la Dar es Salaam kwa jina la mzungu. Gari lilikuja, kijana mwenye miwani akalinganisha namba na bahasha, akatia sahihi, wakapakia. Mzee Lameki alisimama katikati ya chumba kitupu akanawa mikono. Wiki iliyofuata duka lilifunguliwa, likiwa na chumvi. Barua yangu ya tawi ilisema nimejifunza kushirikiana na akina mama. Hujuma haikutajwa, kwa sababu uchunguzi ungeanzia kwenye ungo wa mke wa mwenyekiti.

Siri hiyo niliibeba chuoni, nikaibeba kazini, na mara zote nilipopita karibu na jengo la makumbusho Dar es Salaam nilivuka barabara. Matangani kwa Mama Nyemo, baada ya chakula, Nyemo alikuja kukaa nami mkekani. Sasa ni mama wa watu wazima.

"Dada Salome, unajua alikuwa anakucheka hadi mwisho? Wingu likitanda tu, 'Anueni, asije yule wa makumbusho akatulisha sumu.'"

"Alikuwa na haki."

"Na ule wa mzungu alikuwa anasema ni wa bibi."

"Bibi yupi?"

"Mama yake yeye. Ndiye aliyekuwa akimpelekea Bwana Uyoga. Mzungu mwenyewe alikuwa na mgongo mbovu, hakuwa anainama. Bibi anaokota, anatunga, mama akiwa msichana anabeba kikapu hadi kwenye nyumba ile ya mawe. Hakukuambia?"

Hakuniambia. Au aliniambia kwa kunusa kila mmoja na kusema anawajua, nami nilikuwa nasoma maelezo.

Kutoka msibani nilikwenda moja kwa moja hadi jengo lile. Anayehusika na mkusanyo sasa ni kijana, daktari wa elimu ya kuvu, aliyeniamkia shikamoo kwa adabu iliyoniongezea miaka kumi. Maboksi ya viatu hayapo. Kuna droo za chuma. Bahasha ni mpya, lakini vibandiko ni vilevile, na kwenye kila kimoja, mbele ya neno linalomaanisha mkusanyaji, lipo jina la Bwana. Dokta alikuwa na shida, na alifurahi kupata mtu wa kumweleza. Walikuwa wamepima dawa ya zebaki. Sampuli nyingi zinayo, kadhaa hazina kabisa, na wenzake wanataka hizo zisizo nayo ziondolewe kwa sababu asili yake ina shaka. "Na hivi vitundu, mama, tunadhani ni wadudu."

"Ni sindano," nikasema. Kisha nikamweleza yote, kuanzia fukusi hadi karanga. Ilichukua muda. Alisikiliza kalamu ikiwa hewani.

"Kwa hiyo hizi zisizo na zebaki ni za Bwana, au ni chakula cha mama huyo?"

"Sijui."

"Nani anayejua?"

"Tumemzika Jumamosi."

Alifungua droo, akaifunga, akaifungua tena. Nikamweleza na lile la mwisho, la bibi aliyeokota na msichana aliyebeba kikapu. Akatoa karatasi ndogo za kuongezea maelezo. Nilimtajia jina la Damari, herufi moja moja, ili nafasi itoshe. La mama yake sikulijua. Nikamwambia aandike "na mama yake", na aache mahali, nitamuuliza Nyemo.

"Nibandike kwenye zipi, mama? Hizi za shaka?"

"Anza na namba moja," nikamwambia.